Mbuzi wa Ntheo Waliochelewa

Safari yangu ya Masii ilianzia kwenye simu ya rafiki. Nduku alikuwa jirani yetu Voi kwa miaka minane, wakati mumewe akifanya kazi ya reli na mimi nikiwa afisa wa mifugo. Mumewe alipofariki alirudi kwao Machakos, na tangu hapo tulikuwa tukisikizana sauti tu. Mwaka huu alinipigia akanieleza kwamba mwanawe Kyalo amepata mchumba, msichana wa Kithyoko anayeitwa Mwikali, na kwamba Jumamosi ya wiki ile wangepeleka mbuzi wa ntheo. Kwa ninyi wenzangu wa Wundanyi msiojua, ntheo ni mbuzi watatu ambao Wakamba huwapeleka kwa wazazi wa msichana. Wawili huingia zizini kwa wakwe, wa tatu huchinjwa siku hiyohiyo na kuliwa na pande zote mbili. Bila hao, hata mkiwa na watoto kumi, wazee watasema hamjaoana. Nduku alitaka awe na mtu wake, mwanamke mwenzake, siku hiyo. Nimestaafu, magoti bado yananitii, na Machakos sikuwa nimewahi kuingia. Nikakubali kabla hajamaliza.

Jumanne alfajiri niliteremka kutoka Wundanyi hadi Voi, nikapanda basi la Nairobi. Tulipita Mtito Andei na Kibwezi jua likiwa bado la upole, na saa sita hivi nikashuka njia panda ya Machakos. Kutoka hapo hadi mjini si mbali. Kilichonivutia njiani kutoka mjini kwenda Masii ni vilima. Vimekatwa matuta kutoka juu mpaka chini, kama ngazi za watu wengi wanaopanda kwa wakati mmoja, na kila ngazi ina mahindi yake na mbaazi zake. Sisi Wataita tunajisifu kwa matuta yetu, lakini niliyoyaona huko yalininyamazisha.

Masii niliwasili alasiri. Nduku alikuwa amesimama nje ya duka moja la nguo, amevaa kitambaa kichwani na amepungua mwili kuliko nilivyomkumbuka. Alinichukulia mkoba, tukatembea kwa miguu mpaka kwake, nusu saa hivi. Jioni tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, nikaongezewa mara mbili bila kuulizwa. Alinionyesha leso mpya alizowanunulia mama na shangazi za Mwikali. Zilikuwa zimekunjwa kwenye meza kama vitabu vya shule, na aliendelea kuzinyoosha kwa kiganja wakati tukiongea.

Jumatano asubuhi niliamka na kwenda zizini, kama ambavyo mtu wa kazi yangu huenda zizini kabla hajanawa uso. Zizi la Nduku ni dogo, la miti iliyofungwa kwa waya, na ndani mlikuwa na mbuzi tisa. Watatu walikuwa wametengwa kwa kamba nyekundu shingoni: majike wawili wa kijivu, wazaliwa wa pale, na beberu mweupe, mkubwa, mwenye pembe za kupendeza. Nduku alikuwa amemnunua beberu huyo soko la Masii wiki kadhaa nyuma, kwa sababu madume yake mwenyewe walikuwa wadogo na hakutaka kwenda kwa wakwe na kitu cha aibu.

Beberu huyo alikuwa akijikuna kwenye nguzo. Hakujikuna kama mbuzi anayestarehe. Alijikuna kwa bidii, amefumba macho, mpaka nguzo ikawa na manyoya na utelezi. Nilimshika pembe nikamgeuza. Kuzunguka macho na kwenye ncha za masikio hakukuwa na manyoya. Ngozi ilikuwa imekunjamana na kuwa nene, kavu, yenye magamba, kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Mgongoni alinuka oili chafu ya gari. Nikawaangalia majike wale wawili. Mmoja alikuwa ameanza pembeni mwa mdomo, mwingine nyuma ya miguu. Kati ya waliobaki, wanne walikuwa wakijikuna.

Ulikuwa upele. Wadudu wake ni wadogo, jicho haliwaoni, huchimba ngozi na kutaga humo, na hutoka kwa mbuzi mmoja hadi mwingine kwa kulala tu bavu kwa bavu. Huwakondesha wakubwa, huwaua watoto. Nimeuona ukimaliza mazizi mazima.

Nilimkuta Nduku jikoni akipuliza moto. Nilipomweleza, hakushangaa. Alikunja mkono wa sweta yake na kunionyesha vipele vyekundu kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko. Alidhani ni sabuni. Alisema kwamba alikuwa ameona mbuzi wanajikuna, akasema moyoni ni kiangazi, ni kukosa chumvi, kisha shemeji yake akaja na oili chafu akampaka beberu, akamwambia itapita. Hakumwita daktari kwa sababu hakutaka pikipiki ya daktari ionekane langoni kwake wiki za ntheo.

"Wangesema boma ya mjane imemshinda," akaniambia.

Shemeji huyo, Mzee Kioko, ndiye kaka mkubwa wa marehemu na ndiye aliyekuwa aongoze msafara. Alikuja saa nne, mtu mrefu, mtaratibu, mwenye kofia. Nilimweleza kwa heshima zote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye amefuga tangu akiwa mtoto na hajawahi kuona mbuzi amekufa kwa kujikuna. Siku ilikuwa imepangwa, watu wa Kithyoko walikuwa wameshaita ndugu zao, na kuahirisha ntheo kungewafanya wale watu wajiulize kama kijana amebadilisha nia. Shauri lake lilikuwa kuwaosha mbuzi, kuwapaka mafuta wang'ae, na kuwafikisha jioni jioni. Wakishaingia kwa wakwe, watatibiwa huko kama watajikuna.

Nilimwambia kwamba beberu, ambaye ndiye aliyekuwa wa kuchinjwa, hata kumla ni shida, kwa sababu lazima atibiwe, na dawa ya sindano hukaa nyamani siku nyingi. Akasema basi asitibiwe. Mimi nilikuwa mgeni, na ile ilikuwa nyumba ya kaka yake.

Nduku ndiye aliyejibu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani. Alisema kwa sauti ya chini, "Shemeji, hao mbuzi zikifika huko zitalala na zao. Hiyo familia inaishi kwa mbuzi. Mimi siwezi."

Mzee Kioko aliondoka bila kunywa chai. Nduku alimpigia Kyalo, ambaye huchomelea vyuma huko Syokimau, na kumweleza. Nilimsikia kijana akimwambia mama yake afanye anavyoona, yeye angeongea na Mwikali. Mchana kutwa Nduku hakuzigusa tena zile leso.

Alhamisi asubuhi tulimwita daktari wa mifugo wa eneo. Alikuja kwa pikipiki, akasimama langoni kweupe, na majirani wawili wakaja kuona. Alikwangua ngozi ya beberu kwa wembe, akathibitisha, akatoa dawa. Mimi niliwashika, yeye akachoma sindano chini ya ngozi, wote tisa, hata wasiojikuna. Alieleza kwamba sindano moja haitoshi. Mayai yanayobaki huanguliwa, kwa hivyo lazima irudiwe baada ya wiki mbili, na mpaka daktari aseme, hakuna nyama ya kuliwa wala maziwa ya kunywewa. Kisha tukafanya kazi ambayo watu wengi huiacha. Tulizoa samadi yote na kuichoma pamoja na nyasi za kulalia, tukapulizia dawa nguzo, tukaliacha zizi tupu na kuwafunga mbuzi upande wa pili wa shamba. Mmoja wa majirani alituletea jembe lake. Aliuliza dalili ni zipi, akazirudia kwa Kikamba chinichini kama mtu anayejifunza sala.

Nduku alichemsha sweta yake na nguo zote alizovaa zizini. Nilimhakikishia kwamba wadudu wa mbuzi hawadumu kwenye mwili wa mtu. Humuwasha, humtia vipele, kisha hufa, na visipopona aende zahanati. Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumatano.

Ijumaa asubuhi tulioga vizuri, tukavaa nguo ambazo hazijaona zizi, tukaenda Kithyoko. Mzee Kioko alitukuta stendi Masii. Hakuna aliyemwita. Alisema tu kwamba wanawake wawili hawawezi kwenda kuahirisha ntheo bila mwanamume wa ukoo, halafu akatulipia nauli. Tulipitia Mwala tukatokea barabara ya Garissa karibu na Matuu, ambako maembe yalipangwa kandokando kwa ndoo. Tulivyozidi kwenda mbele ndivyo nchi ilivyokauka. Matuta yakapungua, miiba ikaongezeka, na mbuzi wakawa wengi kuliko watu.

Kithyoko saa sita. Baba yake Mwikali, Mzee Munyao, anakaa mwendo wa dakika ishirini kutoka sokoni. Ni mtu mfupi, mkimya, aliyefunga mkanda nje ya sweta. Kwake nilihesabu mazizi matatu na nikaona kwamba maneno ya Nduku yalikuwa kweli: karo za shule, dawa, nyumba ya mabati, vyote vilitoka humo. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakichambua mchele wa kesho. Shangazi mmoja alipotuona tumekuja siku moja kabla, na mikono mitupu, aliacha ungo na kusimama.

Tulikaribishwa viti, tukapewa maji, kisha chai. Mzee Kioko ndiye aliyekuwa na haki ya kusema, akaanza. Alisalimia. Akauliza mvua. Akasifu matangi ya maji. Akauliza habari za mchungaji wa kanisa lao, ambaye hamjui. Nilimwona jasho likimtoka chini ya kofia, nikamhurumia. Mwishowe Nduku aliweka kikombe chini.

"Baba Mwikali," akasema, "mbuzi zangu ziko na upele. Hatutazileta kesho. Nimekuja nikuambie mwenyewe usije ukasikia kwa watu."

Shangazi alisema kitu kwa Kikamba, kwa ukali wa mtu aliyekwisha kuchambua magunia ya mchele. Mzee Munyao hakumtazama. Aliuliza nani aliyeuona huo upele, nikasema ni mimi, nikamweleza kazi niliyokuwa nikifanya na yote tuliyoyatenda jana yake. Aliuliza sindano ya pili ni lini. Aliuliza kama mbuzi akipona anaweza kurudia. Aliuliza maswali ya mfugaji, moja baada ya jingine, na nilipomaliza aligeukia Mzee Kioko.

"Ntheo si basi, kwamba itatuacha," akasema. "Tutangoja zipone."

Mzee Kioko alivua kofia akajifuta paji la uso. Shangazi alirudi kwenye ungo wake, bado amenuna, lakini baadaye nilimwona akimwekea Nduku viazi zaidi kwenye sahani.

Baada ya chakula nilikwenda kunawa mikono nje, na Mwikali akanifuata na jagi la maji. Ni msichana mtulivu, hufundisha chekechea. Alinimwagia maji taratibu, akaangalia nyuma, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama huo ugonjwa hushika watu. Nilipomtazama, alikunjua kiganja. Kati ya vidole na kwenye kifundo cha mkono alikuwa na vipele vilevile vya Nduku.

Nilielewa mara moja. Alikuwa amefika Masii. Alikuwa amebeba vitoto vya mbuzi wa mama mkwe wake kabla ya ntheo, jambo ambalo mila haimruhusu msichana na ambalo baba yake hakupaswa kulijua. Hakulia wala hakujitetea. Aliniambia ilikuwa Jumapili iliyopita, kwamba Kyalo alitaka amwone mama yake, na kwamba tangu arudi amekuwa akikamua mbuzi wa baba yake kila asubuhi.

Hilo la mwisho lilinishtua. Nilimwambia vipele vyake vitaisha, achemshe nguo zote za safari ile na kuzianika juani, asiingie zizini mpaka ngozi ipone, atafute kisingizio chochote. Siri yake niliamua kuitunza. Lakini kuna mazizi matatu ya mbuzi ambayo sikuweza kuyaacha kwa ajili ya siri. Nilirudi kwa Mzee Munyao nikamwomba, kwa kuwa nimefika, aniruhusu niwaone mbuzi wake, angalau niwe nimelipa chakula nilichokula. Alinitazama kidogo, akakubali. Nilipaka viatu dawa yake ya kuogeshea mifugo, nikaingia.

Nilikaa humo karibu saa mbili. Niliinua masikio, nikapapasa midomo, nikageuza mikia. Yeye alinishikia mmoja mmoja. Nilipata kupe wa kutosha, nikapata kidonda kimoja cha mwiba. Upele sikuupata. Nilipofika kwa majike wanaokamuliwa niliwaangalia mara mbili, matiti na mapaja ya ndani, nikasikia mabega yangu yakilegea. Nilimwambia kwa sasa ni safi, lakini ugonjwa huu huchukua wiki kadhaa kujitokeza, kwa hivyo awachunguze wale wa maziwa kila siku kwa mwezi mzima, na akiona mmoja anajikuna kwenye nguzo asingoje.

"Hao wa maziwa hasa," akasema.

Nikasema ndiyo, hao hasa.

Alitusindikiza mpaka barabarani. Nduku na Mzee Kioko walikuwa mbele wakiongea, na kwa mara ya kwanza Mzee Kioko alikuwa akicheka. Mzee Munyao alipunguza mwendo ili tubaki nyuma, akaniambia pasipo kunitazama, "Mwambie Kyalo, akipata wageni siku ingine, awape maji na sabuni wakitoka zizini."

Ndipo nikajua kwamba safari ya binti yake alikuwa ameshaitambua. Nilimwahidi kwamba nitamfikishia.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nirudi nyumbani Jumatatu, lakini sikuweza kuondoka kabla ya sindano ya pili. Asubuhi tuliwahamisha mbuzi, mchana Nduku alishona nguo na mimi nikatoa pini kwenye vitambaa, jioni tukaongea habari za Voi na za waume zetu, wa kwake aliyelala na wa kwangu anayepiga simu kuuliza chumvi iko wapi. Watu walianza kuja. Kwanza alikuja yule jirani mwenye jembe, akasema mbuzi wake wawili wanajikuna. Kisha mwingine, kisha mwanamke wa kutoka ng'ambo ya mto mkavu ambaye alikuwa amepaka mbuzi wake majivu na tumbaku. Niliwaelekeza kwa daktari yuleyule wa pikipiki. Siku mbili alikuja kijijini akafanya kazi kutoka nyumba hadi nyumba, na langoni kwa Nduku ndipo alipoegesha.

Siku ya sindano ya pili beberu hakutaka kushikwa, jambo lililonifurahisha, maana mbuzi mgonjwa hana nguvu za kukataa. Kuzunguka macho kulikuwa na manyoya mafupi, laini, kama ya mtoto mchanga. Mkono wa Nduku ulikuwa safi. Mzee Kioko alikuja mwenyewe kuwashika mbuzi, na alipomaliza alinywa chai vikombe viwili.

Ijumaa nilianza safari ya kurudi. Nilikuwa nimekwenda kula ntheo na sikuionja, maana wazee walikubaliana kungoja mpaka daktari aseme nyama ni salama. Nilipofika Wundanyi nilivua kila kitu nje nikakichemsha, na kwa siku nyingi nilimwachia mume wangu mbuzi wetu. Alinicheka, lakini aliwalisha.

Ntheo ilifanyika nikiwa hapa. Kyalo alinitumia picha. Mzee Kioko amesimama katikati, kofia mkononi. Nduku na yule shangazi wamefunga leso zinazofanana. Beberu hayumo, kwa sababu inayoeleweka. Majike wawili wa kijivu wako zizini Kithyoko kati ya wenzao, na Mwikali ameegemea lango.

Jumapili iliyopita nilisimulia haya yote kwenye kikundi chetu cha wafugaji wa mbuzi, kama nilivyowasimulia hapa. Niliwaambia nilichojifunza, nami nilidhani nimekwisha kujua kila kitu cha kazi hiyo. Miaka yote niliyofanya kazi nilibeba dawa, nikawalaumu watu kwa kuniita wakiwa wamechelewa. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu huwa anauona ugonjwa tangu mwanzo, na kinachomchelewesha ni lango lake na macho ya majirani. Nduku alihitaji sindano, lakini kwanza alihitaji kuthubutu kusema jambo hilo mbele ya watu ambao alitaka sana wamheshimu. Alipolisema, heshima haikupungua.

Watu walipotawanyika, Mama Mwakio, ambaye tumekaa naye kikundi kimoja miaka sita, alibaki akikunja viti ambavyo si zamu yake kukunja. Kisha akaniuliza kama nina nafasi ya kupita kwake, kuna mbuzi anataka niwaone. Nikamuuliza ni wangapi. Akasema wawili. Alikunja kiti kingine, akakiegemeza ukutani, akasema saba.